Ukurasa Unaosubiri Jibu

Mhadhara kwa walimu wa sanaa na wachoraji wa Kilosa na Mikumi



Nimeombwa nizungumzie ushirikiano katika uchoraji. Ushirikiano ni jambo ambalo kila mtu hulisifu hadi siku atakapoombwa kalamu yake. Kwa hiyo nitalipunguza liweze kushikika. Nitazungumzia daftari moja linalochorwa na watu wawili. Mmoja ni mimi, naishi hapa Kilosa. Mwingine ni mwenzangu anayeishi Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa. Daftari lenyewe hupanda gari la abiria, hupita Ulaya (hii ya kwetu, isiyohitaji viza), na kwa kawaida hufika salama.

Niseme mapema ninachokiamini, ili anayetaka kubishana aanze kujiandaa. Daftari la wawili lina maana pale tu kila mmoja anapokubali kwamba alichokichora kitajibiwa, na kwamba jibu hilo huenda lisimpendeze. Wachoraji wengi niliowaona wakijaribu jambo hili hugawana kurasa: huu wako, huu wangu. Mwishoni wanakuwa na madaftari mawili yaliyoshonwa kwa uzi mmoja. Hakuna ubaya katika hilo, lakini hakuna sababu ya kumsumbua konda.

Daftari letu ni kaunta buku la kawaida, lile mnalonunua dukani kwa ajili ya hesabu za mauzo. Karatasi nzuri ya kuchorea huagizwa Dar es Salaam, na bei yake humtia mtu woga: anashika penseli kama anayesaini mkopo. Kaunta buku halina heshima hiyo. Lina mistari ya bluu, nasi tunachora juu ya mistari bila kuiomba radhi. Kalamu ya wino inalifaa. Penseli laini hujipaka ukurasa wa pili safarini, kwa sababu ya mtikisiko, hivyo mara nyingine nimekuta kivuli cha tembo wake kwenye soko langu. Rangi ya maji huikunja karatasi ikawa kama nguo isiyopigwa pasi. Juu ya jalada kuna maandishi ya konda, kwa kalamu nene: MIKUMI MZIGO. Hatujayafuta. Naye ni mchangiaji.

Sasa nifungue ukurasa mmoja, maana maneno matupu hayamfundishi mchoraji.

Mnaujua mkumi, mti ambao umeipa hifadhi na mji jina lake. Shina lake hupanda limenyooka, kisha katikati huvimba, halafu hupungua tena kabla ya kufika kwenye majani yaliyofunguka kama viganja. Mwenzangu alianza kuuchora kwa wino, kutoka kwenye mizizi. Akaweka makovu ya makuti yaliyoanguka, moja juu ya jingine, kwa subira ambayo mimi sina. Alipofika kwenye uvimbe akaacha. Juu pakabaki peupe. Akafunga daftari, akalipeleka stendi.

Nilipolifungua, mkono ulitaka kwenda moja kwa moja kumalizia majani. Hapo ndipo mtego ulipo. Kumalizia picha ya mwenzako ni kazi ya msaidizi. Hukumjibu, umemtumikia. Nikauacha mkumi wake bila kichwa. Pembeni yake, kwa urefu uleule, nikachora nguzo ya simu ya zamani iliyo kando ya reli ya kati, imeinama kidogo, na nyaya zake zinatoka nje ya ukurasa upande wa kulia. Nikarudisha daftari. Lilipokuja tena, mkumi ulikuwa bado hauna kichwa. Majani alikuwa ameyapanda juu ya nguzo yangu, mabichi, yametanuka, na tai amekaa juu yake.

Sikuwahi kufikiria picha ile, na yeye hakuwahi. Reli iliyofika Kilosa wakati wa Wajerumani na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na nyika ya Mkata ambayo tangu 1964 ni hifadhi ya taifa, zimekutana katika nguzo moja yenye majani. Ningeiwaza peke yangu, ningeiona ni ujanja, ningeiacha. Ilipatikana kwa sababu kila mmoja alikataa kufanya kile ambacho mwenzake alikitarajia.

Msifikiri jambo hili limeletwa na wageni. Washairi wetu wamelifanya siku zote. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, mshairi aliweza kutoa hoja, na baadaye mwingine akamjibu kwa vina vilevile, na mizani ileile. Jirani yetu wa Dodoma, Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeikuza ngonjera, shairi ambalo halipo bila mtu wa pili wa kujibu. Ukiondoa mmoja kwenye ngonjera, anayebaki anahutubia hewa. Mtindo wa daftari letu ni huo: unashika umbo alilolianza mwenzako, halafu unapinga.

Paris walifanya kinyume. Mwaka 1925 kikundi cha marafiki wa mshairi André Breton kilicheza mchezo wa kukunja karatasi. Mmoja anachora kichwa, anakunja, mwingine anachora kiwiliwili bila kuona kichwa, wa tatu miguu. Wakikunjua wanacheka. Matokeo yake yako katika makumbusho makubwa duniani, nami nimeyatazama vitabuni kwa furaha. Lakini mchezo ule unategemea kutomwona mwenzako. Hakuna anayejibiwa, na hakuna anayeudhiwa. Kwa mwanafunzi wa siku moja unafaa sana. Kwa watu wawili wanaotaka kuchora pamoja mwaka mzima, naona hautoshi.

Kilicho karibu zaidi na chetu ni kile walichokifanya wachoraji Andy Warhol na Jean-Michel Basquiat huko New York mwaka 1984 na 1985. Warhol, aliyekuwa mkubwa kwa umri na kwa jina, mara nyingi alianza kwa kuchora nembo ya kampuni au kichwa cha habari cha gazeti. Basquiat, kijana wa miaka ya ishirini, akaja akachora juu yake, akafuta hiki, akaziba kile. Walifanya zaidi ya michoro mia moja namna hiyo. Ilipoonyeshwa kwa umma Septemba 1985, bango la maonyesho liliwaonyesha wawili hao wamevaa glavu za ndondi, na wahakiki waliiponda kazi yenyewe. Leo michoro hiyohiyo inagombaniwa. Nawaambia hili kwa sababu ya zile glavu. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na wengi husoma methali hiyo kama katazo. Mimi nadhani wahenga walikuwa wanaeleza tu kitakachotokea: watapigana. Swali la mchoraji ni kama zizi litabaki limesimama.

Basi niwaeleze ugomvi wetu.

Wakubwa kati yenu mnakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipotoka kwenye njia yake, ukaingia mjini, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Reli yenyewe ilikatika. Nilichora ukurasa wa mahema. Nilitumia muda mwingi kwenye nyuso: bibi aliyekaa juu ya godoro lililolowa, mtoto aliyevaa shati la mtu mzima, mwanamume anayehesabu vitu visivyokuwepo. Kwangu ulikuwa ukurasa wa heshima, na niliupeleka Mikumi bila nafasi tupu hata moja. Mwenzangu aliujibu kwa kuupaka maji ya udongo kutoka juu hadi chini. Udongo hasa, si rangi. Nyuso zikazama. Kilichobaki juu ya maji ni ncha za mahema na kichwa cha yule mtoto.

Nilimpigia simu. Nilimwambia amefuta watu waliokwisha kufutwa mara moja na mto. Akanijibu kwamba mafuriko hayachagui, na kwamba mimi nilichora picha ya mahema nikaisahau picha ya maji. Tukanyamaziana, daftari likakaa kwake hadi masika yakaisha. Mpaka leo nasema alikosea. Nyuso zile zilikuwa na haki ya kuonekana. Na bado kila tunayemfungulia daftari, ukurasa anaosimama nao ni ule wa udongo, ananusa karatasi, anauliza hapa chini kulikuwa na nini. Sijabadili msimamo wangu. Nawaachia ninyi mwamue.

Lililotuokoa ni kwamba ruhusa ilikuwa imetolewa kabla. Siku ya kwanza tulikubaliana, kwa mdomo, kwamba mstari wowote unaweza kuchorwa juu, na kwamba asiyetaka mchoro wake uguswe auweke kwenye daftari lake la nyumbani. Walimu, hilo ndilo jambo la kwanza la kuwaambia wanafunzi, kabla ya penseli kugusa karatasi. Mtoto aliyechorewa juu ya picha yake bila kuonywa amedhulumiwa. Mtoto aliyeonywa ameingia kwenye mazungumzo. Jambo la pili ni kuacha nafasi. Ukurasa uliojaa pembe nne ni mlango uliofungwa, na ukurasa wangu wa mafuriko ulikuwa hivyo, ndiyo maana mwenzangu hakuwa na njia ya kuingia isipokuwa kwa kupita juu. Mengine mtayajua wenyewe mkianza: daftari lisikae kwa mtu mmoja hadi likapoa, na msiambatanishe barua ya maelezo. Mchoro unaohitaji barua haujawa tayari kusafiri.

Nije kwenye upande wa jambo hili ambao sisi wachoraji hatupendi kuuzungumzia, nao ni jina.

Nchi hii tunayoikanyaga imechorwa na wengi kabla yetu. Mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita bonde la Mkondoa. Mwaka 1860 Speke alirudi na James Grant, wakapita Usagara wakielekea Ziwa Viktoria, na Grant alikuwa akichora kwa penseli na rangi ya maji kila alipopata nafasi na afya. Kitabu cha Speke kilichotoka mwaka 1863 kinataja wazi kwamba picha zake nyingi zimetokana na michoro ya Grant. Lakini picha haikwenda kitabuni kama ilivyotoka mkononi mwake. Johann Baptist Zwecker, mchoraji Mjerumani aliyefanya kazi London, aliichora upya kwa ajili ya kuchapwa.  Kwa namna fulani lilikuwa daftari la wawili, ila mmoja alikuwa Usagara na mwingine mezani Uingereza, na aliyekuja baadaye alikuwa na neno la mwisho.  Wapagazi waliobeba karatasi na rangi hawamo kwenye hesabu hiyo kabisa, ingawa sura zao zimo kwenye picha.

Hayo ya wageni ni ya zamani. Tutazame nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za madukani, zile za kupakia baiskeli, kwenye vipande vya hadibodi. Hakuchora peke yake kwa muda mrefu. Aliwakusanya ndugu na jamaa, akawafundisha kwa kuwapa sehemu ya kazi: huyu ajaze usuli, huyu aweke madoa ya chui. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, baada ya miaka minne tu ya kuchora. Kazi iliendelea kwa sababu tayari ilikuwa ya mikono mingi, na mwaka 1990 wafuasi wake walisajili chama chao cha ushirika. Ukienda leo kwenye vibanda vya vinyago na picha popote utaona chui, tembo na ndege wa mtindo huo. Mtalii anasema amenunua Tingatinga. Aliyeweka madoa ya chui hana jina kwenye mdomo wa mtalii.

George Lilanga, fundi wa Kimakonde aliyefariki mwaka 2005, ni mfano wa pili. Mashetani wake wanaocheka wamefika Ulaya, Marekani na Japani. Kisukari kilipomla miguu hadi ikakatwa, karakana yake haikusimama. Ndugu na wanafunzi waliendelea kukata, kupaka na kujaza chini ya macho yake. Wauzaji wa ng'ambo hupenda kuuliza ni kipi hasa kilitoka mkononi mwa Lilanga mwenyewe, kwa kuwa bei inategemea jibu hilo. Mimi swali hilo naliona la kihasibu kuliko la kisanaa. Hata hivyo wahasibu ndio wanaolipa, na waliopaka wana watoto wanaosoma. Kwa hiyo majina yaandikwe.

Sheria yetu haiko kimya hapa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inaitambua kazi iliyotungwa na zaidi ya mtu mmoja, na inawafanya watunzi hao kuwa wamiliki wa pamoja tangu mwanzo. Ulinzi wake hudumu maisha yote ya mtunzi wa mwisho kubaki hai, kisha miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake, haki za ukurasa wa nguzo yenye majani haziwezi kuuzwa na mimi peke yangu, hata kama daftari liko kabatini kwangu na kaunta buku nililinunua mimi. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ipo kwa ajili ya kusajili kazi za namna hiyo. Wachoraji wengi ninaowajua mkoani Morogoro hawajawahi kufika huko. Mwenzangu na mimi tulichelewa kuandika makubaliano, tukayaandika baada ya mtu mmoja aliyekuwa akipita Mikumi kuelekea Iringa kutaka kununua kurasa tatu, zing'olewe palepale mezani. Tulikataa kuzing'oa. Jibu la mwenzangu lilikuwa fupi: ukurasa mmoja ukitoka, unaofuata unamjibu nani?

Kijana mmoja ameniuliza nje, kabla hatujaingia, kama haya yote hayamfanyi mtu apoteze mtindo wake. Ni swali zuri. Nilichokiona ni kinyume chake. Kabla ya daftari hili sikujua kwamba huwa naweka upeo wa macho chini mno, karibu na ukingo wa karatasi, kila mara. Yeye hufanya nyika ya Mkata ipande hadi juu, mbingu ikabaki ufito. Kurasa zetu zikiwekwa pamoja unaona tofauti hiyo mara moja. Mtindo wako unaujua unapokutana na wa mwingine kwenye karatasi moja. Anayechora peke yake miaka kumi anaweza kuamini kwamba dunia ndiyo iliyo hivyo.

Kuna tahadhari moja, nimalizie nayo sehemu hii. Usichore daftari la wawili na mtu unayemwogopa, wala na mtu anayekuogopa. Mwalimu na mwanafunzi wake ni vigumu. Mwanafunzi atamalizia majani ya mkumi kila mara, tena kwa adabu, na mwalimu ataita huo ushirikiano. Wanafunzi wawili wa shule mbili tofauti, wasiojuana sura, wanafaa zaidi.

Na hapo ndipo ombi langu lilipo. Hapa ndani wako walimu wa Kilosa na walimu wa Mikumi. Magari yapo kila siku. Kila shule inunue kaunta buku moja tu, wanafunzi wa hapa waanze kurasa za kwanza na kuacha nafasi, kisha daftari lipande gari liende Mikumi, na la Mikumi lije huku. Waambieni watoto wa hapa wachore kile ambacho wa kule hawakioni: stesheni, daraja la Mkondoa, mashamba ya mkonge ya Kimamba. Wa kule wachore matuta ya barabarani, nyani wanaokaa kusubiri maganda ya ndizi, na malori yaliyolala usiku. Wajibizane muhula mmoja bila mwalimu kushika kalamu. Chini ya kila ukurasa waandike majina yote mawili na tarehe, kwa wino, siku hiyohiyo. Mwalimu aliye tayari aniandikie jina la shule yake kwenye karatasi inayozunguka sasa hivi, kabla hajatoka.